SOMO LA BIOLOJIA: PAKA MWEUSI NA CHANDARUA



Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza nje ya darasa: "Mwalimu, ni kweli paka mweusi anaweza kuleta ugonjwa mu nyumba?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo lilikwisha kuingia ndani ya nyumba yangu, hapa Katoyi, na siku ile nilikosa jibu la haraka. Nilimwambia nitajibu kwa maandishi, ili wote wasome.

Mama ya wale paka hatukumnunua wala hatukumwomba. Mwaka 2021 Nyiragongo ililipuka tarehe 22 ya mwezi wa tano, na tarehe 27 kukatoka amri ya kuhamisha sehemu kubwa ya mji. Watu wakakimbia, wengine Sake, wengine Gisenyi, magodoro ku kichwa na watoto mu mgongo. Nani atabeba paka? Tuliporudi mwezi wa sita tulikuta paka jike amelala juu ya mfuko wetu wa makala, mwembamba, macho makubwa. Tukauliza majirani, hakuna aliyemjua. Alikuwa mkimbizi sawa sisi. Tukamwacha.

Tena, hiyo ndiyo njia paka walianza kukaa na watu tangu zamani. Mbwa tulizoea kuwinda naye. Paka alikuja mwenyewe, miaka karibu 10,000 iliyopita, kule Mashariki ya Kati watu walipoanza kuweka akiba ya nafaka. Nafaka ilivuta panya, panya wakavuta paka. Huku kwetu unga na maharagi vinafanya kazi ile ile.

Mwezi wa tisa yule jike akazaa watoto watatu ndani ya karton ya vitabu vyangu. Mmoja mweusi kabisa, tukamwita Makala. Wa majivu tukamwita Sambaza, kwa sababu ya tamaa yake. Wa tatu tukamwita Tatu, hatukutafuta zaidi.

Sasa fungueni makaye. Mtoto wa paka anazaliwa kipofu na kiziwi, na uzito wake ni gramu 100 hivi. Macho yanaanza kufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika juma la tatu anatembea, akiyumba. Katika juma la nne anaanza kucheza, na hapo mateso ya nyumba yanaanza. Makala na ndugu zake walipanda juu ya mifuko, wakaanguka ndani ya beseni ya maji, wakavuta leso kwenye kamba, wakararua mfuko wa unga. Siku moja nilirudisha majaribio ya mwaka wa tatu yakiwa na alama za kucha juu ya karatasi. Wanafunzi walidhani ni hasira yangu.

Lakini tazameni vizuri namna wanavyocheza. Kitoto kinajificha nyuma ya bidoni, kinatikisa matako, kinaruka juu ya ndugu yake, kinamkamata shingo kwa meno na kumpiga kwa miguu ya nyuma. Hiyo ni kazi ya kuua panya, tendo kwa tendo. Kile tunachoita ubishi ni masomo yake. Na mwalimu wake ni mama: kwanza anawaletea panya aliyekufa, halafu panya aliye hai, ili wamalize wenyewe. Tena kwa kucheza na ndugu zake anajifunza kipimo cha meno, kwa maana akiuma sana, mwenzake analia na kuacha mchezo. Ndiyo maana si vizuri kumtoa kwa mama kabla ya majuma nane. Yule aliyetolewa mapema mara nyingi anauma mikono ya watu, kisha tunasema ana roho mbaya.

Kupanda pia kuko na sababu. Kucha za paka zimepinda sawa ndoano, zinashika vizuri akienda juu. Akitaka kushuka kichwa mbele hazishiki tena. Ndiyo maana usiku mnasikia kitoto kinalia juu ya manjanja: alipanda kwa furaha, sasa hajui kushuka. Atajifunza kushuka kinyume.

Basi, usiku mmoja Makala alipanda ku chandarua ya kitanda cha mtoto wetu mdogo. Tulimfukuza. Asubuhi niliona matundu mawili, moja ningeweza kupitisha ngumi ndani. Nikasema, nitashona. Sikushona. Ilikuwa wakati wa kusahihisha makaye, na kila jioni nilisema kesho.

Siku kumi na moja baadaye mtoto akapata homa kali. Ndipo mama mkubwa, aliyekuwa amekuja kututembelea, akamwonyesha Makala kwa kidole.

"Mutupe ile paka mu mufuko. Toka izaliwe hapa, mutoto haiko na amani."

"Mama mukubwa, muganga amepima damu, ameona ni malaria."

"Malaria imetoka wapi? Na nani ameituma?"

Mke wangu alinitazama, mimi nikatazama chini. Mfuko ulikuwa tayari umefunguliwa.

Wanafunzi, swali la mama mkubwa halikuwa la ujinga. Malaria imetoka wapi? Alitaka sababu, na mtu wa sayansi pia anatafuta sababu. Nilichukua kalenda. Mtu akiumwa na mbu mwenye wadudu wa malaria, kwa kawaida homa inakuja baada ya siku 7 mpaka 14, mara nyingine zaidi. Goma iko juu, karibu mita 1,500, lakini mbu hawakosi. Chandarua ilipasuka siku kumi na moja mbele ya homa. Siwezi kuapa kwamba mbu yule aliingia kwa tundu lile. Angeweza kumwuma mtoto jioni, sebuleni. Lakini hesabu ilikubali.

Nikamwambia: "Mama mukubwa, uko na haki kidogo. Paka amefanya kosa. Amepasua chandarua. Na mimi nimefanya kosa kubwa kumupita, sikushona."

Akanyamaza sana. Mwisho akasema: "Leta sindano."

Wengine mtasema, na Biblia je? Katika vitabu 66 tunavyosoma sisi Waprotestanti, paka wa nyumbani hatajwi. Anatajwa katika Barua ya Yeremia, ambayo Wakatoliki wanaiweka kuwa sura ya 6 ya Kitabu cha Baruku, na pale anakaa tu juu ya sanamu pamoja na ndege. Hakuna neno lolote la rangi yake. Weusi wa manyoya ni urithi kutoka kwa wazazi, sawa tulivyoona katika somo la Mendel. Ninasema hivi kwa sababu mu mji wetu kidole kinachoonyesha paka leo, kesho kinaweza kuonyesha mtoto yatima.

Hatari ya kweli ya paka iko mahali pengine, nayo ni kichaa cha mbwa. Jina lisiwadanganye, paka pia anaweza kuwa nacho, na kinapita kwa mate. Paka akikuuma, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha nenda kituo cha afya siku ile ile. Usiweke mafuta, wala pilipili, wala jiwe nyeusi. Chanjo inasaidia tangu mtoto Joseph Meister alipochomwa sindano ya chanjo ya Pasteur mwaka 1885, lakini dalili zikishaonekana, ni karibu na kifo hakika. Paka mwenyewe msimwue haraka: mumfungie, mumtazame siku 10. Akibaki mzima, wakati wa kuuma hakuwa na ugonjwa ule ndani ya mate.

Chakula, kwa ufupi. Paka hawezi kuishi kwa bugali peke yake. Mwili wake unahitaji taurini, inayopatikana katika nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu anaweza kupofuka. Vichwa vya sambaza vinamsaidia. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi. Na jioni, msiache buji inawaka karibu yake, wala mbabula bila mtu. Katika nyumba za mbao mnajua moto unavyokwenda.

Tatu tulimpa shemeji yangu, kule Ndosho. Sambaza alikufa akiwa na miezi mitano. Jirani aliweka sumu ya panya, panya akala, Sambaza akamla panya. Hatukugombana na jirani, alikuwa analinda unga yake, na hakujua kwamba sumu inaweza kupita kutoka tumbo moja mpaka lingine. Mimi niliyejua sikuwa nimemwambia.

Makala alibaki. Siku ile mama mkubwa alipokuwa anashona chandarua, alikaa chini ya kitanda akiruka kila mara kukamata uzi, na mama mkubwa akimpiga kofi ndogo, bila hasira, akaendelea kushona.

KAZI YA NYUMBANI. Tazama chandarua ya kwenu leo jioni, hesabu matundu, shona, kisha andika ulichokuta. Mwenye paka aandike saa gani anacheza zaidi na saa gani analala, siku tatu mfululizo. Eleza ku kaye: kwa nini tunamchunguza paka siku 10 baada ya kuuma, na kwa nini siku kumi na moja za kalenda yangu hazitoshi kuwa ushahidi kamili?