Mnyonya Damu wa Kitabuni na Mnyonya Damu wa Barabarani



Somo letu la safari hii limetokana na ugomvi. Wengi wenu hapa Ubaruku mwaijua habari yake, maana ilianzia katika kwaya ya vijana ikafika hadi baraza la mtaa. Binti mmoja wa kidato cha tano alirudi likizo na kitabu cha Kiingereza kiitwacho Twilight. Kitabu kikazunguka mikononi mwa wasichana wa kwaya mpaka kurasa zikaanza kung'oka. Wasiomudu Kiingereza waliangalia filamu yake katika simu. Punde si punde tukaliona jina la Edward limeandikwa kwa kalamu juu ya madaftari ya nyimbo, na wasichana wawili waliokuwa marafiki wakanuniana wiki nzima, kisa mmoja ampenda Edward na mwenziwe ampenda Jacob. Mzee mmoja wa kanisa alipoambiwa ya kuwa huyo Edward ni mnyonya damu, alikitwaa kitabu akakifungia kabatini, akasema dawa yake ni moto.

Kwa kuwa tulifundisha miaka mingi, tuliombwa tutoe shauri. Tukaomba kwanza tupewe kitabu tukisome. Tulipouliza ni nani kati ya wanaokishtaki aliyekisoma, hakuna mkono ulioinuliwa. Nasi hatukuwacheka, maana tunayo yetu. Tulipokuwa wanafunzi tulisoma habari za Willy Gamba katika Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974, tukiwa chini ya blanketi na kurunzi. Tulipotoka chuo cha ualimu na kupewa bweni la kusimamia, vitabu vya namna ileile tuliwanyang'anya wanafunzi wetu, na vingine tulivitia jikoni bila kufunua hata ukurasa mmoja.

Basi tukakisoma, usiku wa nne mfululizo, kwa taa ya sola na miwani miwili. Mwandishi wake ni mama wa Kimarekani, Stephenie Meyer. Asema hadithi ilimjia katika ndoto mwezi Juni 2003. Kitabu kikatoka 2005, vikafuata vingine vitatu hadi 2008, na filamu tano kati ya 2008 na 2012. Vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100 duniani. Ni habari ya msichana aitwaye Bella, mgeni katika mji mdogo wa mvua nyingi uitwao Forks, anayempenda mwanafunzi mwenziwe. Kumbe yule kijana ni vampaya, yaani mtu asiyekufa, aishiye kwa damu. Ila yeye na jamaa zake wamejizuia wasinywe damu ya watu. Wanawinda wanyama porini. Katika kitabu hicho cha kwanza vijana hao hawafanyi zaidi ya kubusiana. Mzee wetu aliyedhani kimejaa uchafu alishangaa tulipomwambia hivyo, na nadhani alisikitika kidogo pia.

Ugomvi wa Ubaruku ni mdogo tukiulinganisha na wa huko kilikotoka. Wapenzi wa kitabu walikesha nje ya maduka wakingoja sehemu ya nne itoke usiku wa manane. Walimiminika kwenda Forks, mji ambao mwandishi hakuwa ameufikia alipoanza kuuandika, wakitaka kuonyeshwa nyumba ya watu ambao hawakuwako kamwe. Waligawanyika kundi la Edward na kundi la Jacob kama sisi tulivyogawanyika Simba na Yanga. Na wapinzani nao hawakulala. Mwaka 2009 Chama cha Maktaba cha Marekani kilipoorodhesha vitabu ambavyo watu wameomba viondolewe rafuni, hivi vilikuwa vya tano. Wengine walitaja dini, wengine mambo ya mwili. Stephen King, mtunzi mkubwa wa hadithi za kutisha, alisema waziwazi mwaka huohuo ya kuwa mama huyu hajui kuandika vizuri. Nao wanawake wengi walilalamika ya kwamba Edward huingia chumbani kwa msichana usiku, bila yeye kujua, akakaa akimtazama amelala, na kitabu kinalihesabu jambo hilo kuwa ni pendo.

Hili la mwisho ndilo lenye uzito, na twaungana nao. Hapa kwetu kijana akutwaye dirishani usiku huitiwa mwizi, na ni haki yake. Tena katika sehemu ya pili Edward anapoondoka, Bella anapooza miezi kadhaa kama mtu aliyefiwa. Wasichana wetu wanapaswa kuulizwa juu ya mambo haya. Lakini ataulizaje mtu ambaye hajasoma? Atabaki na neno moja tu mkononi, "mnyonya damu", nalo atalipiga kama ngoma. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

*Vampaya alivyoingia vitabuni*

Zamani huko Ulaya vampaya hakuwa mtu wa hadithi. Mwaka 1732 katika kijiji kimoja cha Serbia, madaktari wa jeshi la Austria walifukua makaburi kwa sababu wanakijiji waliapa ya kwamba maiti wao hutoka usiku kuwanyonya walio hai. Miili iliyoonekana haijaoza ilikatwa vichwa ikachomwa moto. Taarifa yao ilisomwa Ulaya nzima, na hofu ikazidi. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa alimwagiza daktari wake, Gerard van Swieten, achunguze habari kama hizo za jimbo la Moravia. Daktari akaeleza ya kuwa baridi, aina ya udongo na ukosefu wa hewa vyaweza kuchelewesha mwili kuoza, na kwamba mengine ni hofu na ujinga. Malkia akapiga marufuku kufukua wafu. Baadaye, watu walipokwisha kuacha kumwogopa kaburini, watungaji walimchukua. Mwaka 1897 Bram Stoker alitoa Dracula, na zaidi ya miaka mia baadaye binti wa shule anamwandika jina juu ya daftari.

Yafaa tuone mpangilio wa mambo hayo. Watu waliochoma maiti hawakuwa wamesoma riwaya yoyote. Riwaya zilikuja baadaye, hofu ilipopungua.

Sisi nasi tumekwisha kuanza kutunga. Miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza filamu iitwayo Nsyuka, jina ambalo jirani zetu Wanyakyusa hawahitaji kutafsiriwa, na baadaye Shumileta, yenye jini mwanamke na mapenzi yake kwa kijana wa watu. Vibanda vya video vilijaa. Tofauti ni kwamba sisi tunatunga huku mnyonya damu wetu wa zamani akali barabarani, akitembea kwa gari.

*Mumiani*

Jina lake mwalijua. Neno lenyewe limetoka Uajemi na Uarabuni, na hapo kwanza lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa pwani kutibu mivunjiko. Watu wakaamini ya kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni likageuka kuwa jina la mtu anayeichukua damu hiyo. Nairobi na Kampala walisema ni wazimamoto, kwa gari lao jekundu. Huku Tanganyika wengine waliwaita chinjachinja. Mwanahistoria Luise White alikusanya habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000, na alionyesha ya kuwa watu walikuwa wakisema jambo la kweli kwa njia ya hadithi isiyo kweli: ya kwamba wapo wageni wenye magari na sindano wanaochukua nguvu za watu bila kuwauliza. Babu zetu walikuwa na sababu ya kunung'unika. Tatizo ni kwamba sababu ilikwisha kuondoka na hadithi ikabaki.

Mwaka 2016, tarehe 1 Oktoba, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika kijiji cha Iringa Mvumi. Msikichanganye na mkoa wetu jirani wa Iringa. Hiki kipo wilaya ya Chamwino, Dodoma. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo. Ukapigwa ukelele ya kuwa wanyonya damu wamekuja. Wote watatu waliuawa, miili yao na gari lao vikachomwa moto. Si nchi isiyojua Injili wala hospitali ile. Hospitali ya Kanisa letu ya Mvumi ipo katika wilaya hiyohiyo. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa kwa shutuma hiyohiyo, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Hakuna hata mmoja wa wale wauaji aliyeongozwa na Stephenie Meyer.

*Ya kwetu*

Tungependa kuishia Dodoma na Malawi, lakini haitakuwa haki. Miaka michache iliyopita gari la kukusanya damu lilikuja katika shule moja ya sekondari ya jirani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na kituo cha kanda yetu kipo Mbeya. Wanafunzi wakubwa ni tegemeo lao mojawapo. Asubuhi ile uvumi ukapita sokoni na kwenye mashine za kukoboa mpunga ya kwamba gari jeupe linakamua watoto damu mpaka wanazimia, na damu yapelekwa kuuzwa. Wazazi wakakimbilia shuleni kuwatoa watoto wao, wengine na majembe mikononi. Jiwe moja likavunja kioo. Gari likaondoka na masanduku matupu.

Sisi tulikuwa tumeketi kibarazani pa duka uvumi ulipopita. Tulijua si kweli. Tulijua ya kuwa mtoaji lazima awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, ya kuwa huchukuliwa kama nusu lita tu, na ya kuwa mwanamume aweza kutoa tena baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Tulinyamaza. Tuliogopa tusije tukaambiwa tumelipwa nao. Miaka thelathini na zaidi ya ubao na chaki, na siku iliyohitaji mwalimu tulikunywa chai tukatazama chini.

Mwezi uleule mama mmoja wa mtaa wetu alijifungua akatokwa na damu nyingi. Ndugu zake wanne walipanda gari usiku kwenda hospitali kumtolea damu. Alipona, twamshukuru Mungu. Mmoja wa wale wanne alikuwa miongoni mwa waliokwenda shuleni na jembe.

Tuliporudisha kitabu, yule binti alikuja nyumbani kutusikiliza. Alituamkia, tukamkaribisha, tukaanza kumweleza taratibu kama tulivyozoea, ya kuwa mambo ya Edward ni ya kubuni, asiyaweke moyoni kupita kiasi. Akatusikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi najua Edward hayupo. Hata waliokesha madukani huko Marekani wanajua. Lakini wazazi wetu siku ile ya damu, walijua kwamba mumiani hayupo?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwuliza naye la kwetu: kama kijana wa shuleni kwake angeingia bwenini usiku kumtazama amelala, angemwandika jina lake juu ya daftari? Akacheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Akasema angemwita matroni. Tukaona ya kuwa sote wawili tumepata kazi ya kufanya nyumbani.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 17 twasoma habari za watu wa Beroya, waliosikia habari mpya wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo ilivyo. Tusome sura hiyo katika jumuiya zetu, tena tuisome pamoja na Kutoka 23 mstari wa kwanza, juu ya uvumi. Vijana na waulizwe: ni tendo gani la Edward ambalo mngelikataa kwa kijana wa Ubaruku, na kwa nini kitabuni mnalisamehe? Wazee nao waulizwe: habari ya mwisho ya wanyonya damu uliyoisikia, aliyekuambia alimwona nani kwa macho yake? Na kitabu ulichokikataza mwaka huu, kinaishaje? Asiyejua kinaishaje asione haya kusema, maana hata mwandishi wa somo hili alichoma vya kutosha.

Baraza la mtaa limekubali kitabu kirudi kwa mwenyewe. Mzee aliyekifungia ameomba asimuliwe sura chache kwa Kiswahili kwanza, nasi tumefika ya saba. Anauliza maswali mengi juu ya huyo baba mlezi wa Edward ambaye ni daktari wa hospitali, tena mnyonya damu asiyegusa damu ya wagonjwa wake. Gari la damu salama likija tena, tumepatana ya kuwa wazee wawili wa kanisa watakaa langoni mwa shule tangu asubuhi na kuwajibu wazazi, nasi tutakuwa wa tatu. Yeyote mwenye miaka 18 na kilo 50 anayetaka kuandikishwa kutoa damu na atuone baada ya Misa, pale chini ya mwembe.