Tafuta Giza Kwanza: Kuhamisha Mwale wa Leza Bila Kugeuza Kioo

Anayetaka kuupeleka mwale wa leza mara mbele, mara kulia, kwanza hufikiria kioo kinachogeuzwa kwa mota. Tabu ya kioo ni kwamba hakirudi palepale. Mwale hutua kando kidogo ya ulipokuwa jana, na kazi ya kuulenga inaanza upya. Heri vioo vyote vitulie, ubadilishe mwanga wenyewe, yaani uelekeo wa mtikisiko wake, ambao wanafizikia huuita polarizesheni.

Unahitaji kichujio cha polarizesheni, bamba la nusu-wimbi kwenye fremu ya kuzungusha yenye alama za nyuzi, na mchemraba wa kugawa mwanga. Mchemraba huo ni miche miwili ya kioo iliyogundishwa, katikati ina utando mwembamba sana. Ukiulaza mezani, mwanga unaotikisika sambamba na meza hupita moja kwa moja. Unaotikisika wima huakisiwa na kukata kona ya nyuzi 90. Bamba huuzungusha mtikisiko mara mbili ya lilivyozungushwa lenyewe. Ligeuze nyuzi 45, mtikisiko umegeuka 90, na mwale umehama njia. Agiza bamba la rangi ya leza yako. La leza nyekundu halifai kwa ya kijani.

Wengi huruka kichujio wakidhani leza imejipanga yenyewe. Nyingine zimejipanga kweli, lakini zipo ambazo mtikisiko wake huhamahama kadiri zinavyopata joto, nawe utaulaumu mchemraba bure. Kichujio kikae mbele ya bamba, mara tu baada ya leza.

Kisha tafuta giza. Weka karatasi nyeupe kwenye njia unayotaka kuizima, si ile unayotaka kuiwasha, halafu zungusha bamba polepole. Mwanga unaopita hufuata mraba wa kosaini ya pembe, kanuni tuliyoachiwa na Mfaransa Malus. (Ni yeye aliyetazama kupitia fuwele, Paris mwaka 1808, jua lililoakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg, akagundua kwamba kuakisiwa kwenyewe huupanga mwanga.) Mtikisiko ukikosea nyuzi 5, yaani bamba nyuzi 2.5 tu, njia inayowaka hupoteza chini ya asilimia 1, na jicho halina habari. Kosa hilohilo kwenye njia iliyozimwa huacha doa ambalo, taa za chumba zikizimwa, unaliona bila shida.

Mchemraba nao hauna haki sawa kwa njia zake mbili. Ile ya moja kwa moja hutoka safi. Ya kuakisiwa mara nyingi huchanganyika na asilimia kadhaa ya mwanga ambao ungepaswa kupita. Kwa hiyo kifaa kisichovumilia hata chembe ya mwanga wakati wa kuzimwa kiweke kwenye njia ya moja kwa moja. Kama nafasi hairuhusu, ongeza kichujio cha pili kwenye ile ya kona.

Ukitaka kuhamisha mwale kwa swichi badala ya kidole, toa bamba uweke seli ya fuwele kimiminika, jamaa ya ile iliyomo kwenye skrini ya kikokotoo. Bila umeme huzungusha mtikisiko nyuzi 90. Ukiipa volti chache huuacha upite ulivyo. Usiiunganishe na betri moja kwa moja, maana umeme wa upande mmoja huiharibu taratibu. Ipe mkondo geu. Kasi yake ni ya milisekunde, na kwa kazi nyingi inatosha. Wanaotaka nanosekunde hutumia seli ya Pockels, lakini hiyo hudai maelfu ya volti, na si kitu cha kuchezea.

Vua saa na pete kabla ya kuwasha leza, na usiinamishe macho usawa wa meza. Ukishalipata giza lako, kaza skrubu ya fremu, kisha hakikisha tena: kukaza kwenyewe mara nyingi huisogeza.