Leseni Kwanza, Ndege Baadaye

Je, unajua kwa nini hospitali nyingi za Marekani, Uingereza na Saudi Arabia zina wauguzi kutoka Ufilipino? Si bahati. Ni hatua kwa hatua.

1. Husomea shahada ya uuguzi miaka minne.

2. Hufanya mtihani wa serikali yao. Shahada bila leseni haimruhusu mtu kuuguza.

3. Hufanya mtihani wa nchi aendako. Wa Marekani unaitwa NCLEX, na tangu 2007 hufanyika Manila pia. Uingereza kuna wa kompyuta, kisha wa vitendo.

Jihadhari hapa! Wakala tapeli husema: "Lipa tu, mambo ya leseni utayajua hukohuko." Ukikubali, unaweza kujikuta mtumishi wa ndani. Wafilipino huangalia kwanza kama wakala ana kibali cha serikali. Na Uingereza, wakala haruhusiwi kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi.

Jadilini darasani: Mwaka 2020, wakati wa korona, Ufilipino ilizuia kwa muda wauguzi wake wasiondoke. Ilikuwa haki? Ungekuwa wewe muuguzi, je? Na ungekuwa mgonjwa?