Moto Hupokelewa

Wagiriki wa kale walimheshimu Hestia, mungu wa kike wa meko. Mtoto mchanga alizungushwa mekoni ili apokelewe katika familia. Waliokwenda kuanzisha mji mpya walichukua moto kutoka meko ya mji walikotoka.

Sisi hatumwabudu Hestia. Lakini je, jambo hilo ni geni kwetu? Kwa Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru, kama kwa Wamaasai, rika jipya la vijana halijiwashii moto. Wazee wa rika la pili juu yao huwapekechea moto kwa vijiti viitwavyo olpiron. Tangu hapo wazee hao ni walezi wao: huwafundisha na kuwaonya.

Nasi, katika Mkesha wa Pasaka, twabariki moto mpya na kuwasha mshumaa wa Pasaka. Katika ubatizo wa mtoto, mzazi au msimamizi huwasha mshumaa wa mtoto kutoka mshumaa huo. Anayewasha amekubali kulea. Ndiyo maana Mtume Paulo, aliyemwekea Timotheo mikono, anamhimiza aichochee karama aliyopokea (2Tim 1:6).

Tujiulize basi: vijana wetu wanaoshuka Arusha mjini kutafuta kazi na kuishi vyumba vya kupanga, nani anawaonya? Wasimamizi wao wa ubatizo wanajua wanakoishi?

Zoezi la jumuiya wiki hii: kila msimamizi amtafute mtoto wake wa ubatizo ambaye hajaonana naye siku nyingi, akamtembelee.