Simba wa Jiwe Halindi Mlango

Ndugu mmoja ajengaye nyumba alikuja darasani na swali. Fundi wake alimshauri aweke simba wawili wa saruji juu ya nguzo za lango. Jirani mmoja akamwambia kuwa simba hao huwatisha wezi na kurudisha husuda. Wa pili akamwambia kuwa ni pambo tu, halina maana yoyote. Akataka kujua ni nani kati yao aliyesema kweli. Hukumu ya kufanya sanamu ina mlango wake, na wanavyuoni wamekwisha kuieleza. Leo twataka kuyapima maneno ya majirani hawa kwa mambo yaliyotokea duniani. Nasi twaona kuwa wote wawili wamekosea.

Ada ya kuweka simba mlangoni ni ya kale sana. Nebukadneza, mfalme wa Babeli tangu mwaka 605 hata mwaka 562 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alizipamba kuta za njia kuu iendayo kwenye lango la Ishtar kwa simba wapatao 120, wa matofali yenye rangi za kung'aa, vinywa vyao wazi kama wangurumao. Kila mgeni alipita kati ya safu mbili za simba, naye akatetemeka. Lakini mwaka 539 kabla ya Isa, Waajemi waliutwaa mji ule, wala hapana simba hata mmoja aliyetoka ukutani. Wengine katika hao wamo leo katika nyumba ya makumbusho huko Berlin, walikopelekwa vipande vipande na wachimbuzi wa Kijerumani. Basi mlinzi gani huyu, asiyeweza kujizuilia kuchukuliwa?

Ama yule jirani wa pili, asemaye kuwa simba ni pambo tu, na atazame Tadmur, katika nchi ya Sham. Hapo palikuwa na hekalu la al-Lat, sanamu ile ile iliyotajwa katika Sura ya An-Najm. Penye hekalu hilo alisimama simba wa jiwe la chokaa, kimo chake mita 3.5 na uzito wake tani 15, aliyechongwa katika karne ya kwanza baada ya Isa. Kati ya miguu yake yuko swala, naye hakuguswa. Na juu ya mguu mmoja yameandikwa maneno ya kumwombea baraka kwa al-Lat kila asiyemwaga damu mahali pale. Itikadi yao ilikuwa batili bila ya shaka. Lakini jiwe lile lilikuwa na neno la kuwaambia watu, nalo ni kuwa mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge. Mwaka 2015 simba huyo alivunjwa na kundi lililojiita Dola ya Kiislamu. Mafundi wakamuunga, na mwaka 2017 akasimamishwa Dameski. Naye pia hakuweza kujilinda.

Na Waislamu wa Andalusi walikuwa na simba wao. Sultani Muhammad wa Tano wa Granada, katika karne ya 14, alijenga ndani ya kasri ya Alhambra ua wenye simba 12 wa marumaru, wamebeba beseni migongoni mwao na maji yawatoka vinywani. Mnyama wa kutisha amefanywa mchukuzi wa maji. Na katika kuta za kasri hiyo limeandikwa mara nyingi neno la ukoo ule: hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, watu wa ukoo huo walifika kupigana wao kwa wao kwa ajili ya ufalme, na tarehe 2 Januari 1492 Granada ikaingia mikononi mwa maadui. Simba walibaki mahali pao, na neno limebaki ukutani. Walioondoka ni wale waliolisoma kila siku wasilifuate.

Basi simba wa jiwe si mlinzi, wala si pambo tupu. Ni ahadi ya mwenye nyumba, na ahadi haina nguvu ila kwa mwenye kuitimiza. Hata nembo ya nchi yetu ya Kenya ina simba wawili wenye mikuki, mmoja kila upande wa ngao. Lakini yatima akidhulumiwa shamba lake, na barua ya kumdhulumu ikapigwa nembo ile ile, simba hao hawatamsaidia kitu.

Na wewe ndugu yetu, zile fedha za saruji zitie katika taa ya mlangoni na baraza ya kukaa wapitao njia. Wajue majirani zako, uwazuru wagonjwa wao na uzike maiti wao. Mwizi akija usiku nawe ukapiga ukelele, hao ndio watakaofungua milango yao watoke.