Kungoja Jawabu Kusiko na Muda

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa zilizopita tulikuwa katika mlango wa ujira, na azma yetu ilikuwa kuendelea nao. Lakini mwezi wa Novemba uliopita, tulipokuwa Kisumu, tuliulizwa swali ambalo hatukuona vyema kuliweka nyuma. Swali hilo limo katika mlango huo huo, na lililomsibu muulizaji wa huko ndilo linalowasibu vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu kila msimu wa biashara ufikapo.

Msomaji asiyepata kufika Kisumu na ajue ya kwamba huo nao ni mji wa pwani, ila pwani yake ni ya maji matamu. Reli iliyoanza kujengwa kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa ziwa hilo mwaka 1901, na Waislamu wa mjini humo leo ni watu wa asili nyingi. Manyatta ni mtaa mkubwa wa nyumba za kupanga, ulio karibu na Kondele, na wengi wa wakaao humo hutoka asubuhi kwa miguu kwenda mjini kutafuta kazi ya siku. Huko, katika msikiti mdogo, baada ya darsa ya magharibi, alitujia kijana wa miaka 21, akangoja mpaka watu wote wakatoka, ndipo akasema haja yake.

Kisa chake ni hiki. Supamaketi moja ya mjini ilitangaza kwamba yataka vijana wa kuisaidia katika msimu wa Krismasi: wa kupanga bidhaa katika rafu, wa kuwafungia wateja mizigo, na wa kukaa kwenye kaunta ya malipo. Kazi yenyewe ni ya majuma 6. Kijana akaazima shati la nduguye na viatu vya jirani, akaenda, akaulizwa maswali kwa muda wa robo saa, kisha yule aliyemhoji akafunga daftari akamwambia: “Tutakupigia.” Siku alipotujia sisi ilikuwa ni ya 11.

Katika siku hizo 11 simu haikumtoka mkononi. Akitawadha humpa mwenziwe aishike. Akienda kuichaji kibandani hukaa papo hapo juu ya debe mpaka ijae. Usiku huamka kuitazama, na hali ajua ya kwamba hapana mwenye duka apigaye simu saa nane za usiku. Mjombake, auzaye viatu vya mitumba katika soko la Kibuye, alimwita aje amsaidie; kijana akakataa, akihofu kelele za soko zisije zikaufunika mlio wa simu. Mara mbili alipigiwa na nambari asiyoijua, moyo ukamruka. Wa kwanza alikuwa amekosea, wa pili alikuwa akimtafuta fundi wa mabomba. Na kila jioni mamake, arudipo kutoka kuuza mandazi, humwuliza kabla ya kuvua viatu: “Wamekupigia?” Mama huyo hakusudii ila wema, lakini kijana alituambia ya kwamba swali hilo limekuwa zito kwake kuliko njaa.

Kisha akatuuliza: “Sheikh, kungoja hivi ni subira, au ni ujinga?”

Twakiri ya kwamba swali hilo lilitunyamazisha kidogo. Jawabu jepesi lilikuwa tayari ulimini, la kumwambia asubiri, kwani rizki ina mwenyewe aigawaye. Maneno hayo ni ya kweli, na sisi masheikh twayasema sana. Lakini mara nyingine twayasema ili tupate kuondokewa na mwenye shida, na shida yake twamwachia aende nayo. Kijana huyu hakukosa subira. Alichokikosa ni kitu kingine, nacho ni muda.

Wanafunzi wetu waliosoma mlango wa salamu, yaani kutoa fedha leo kwa kitu kitakacholetwa baadaye, wakumbuka sharti walilolisisitiza wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi: muda wa kuleta ukitajwa, ni lazima uwe maalumu. Haifai mtu kusema ataleta wakati wa mavuno, kwani mavuno hutangulia na hukawia; na ataje mwezi na siku. Katika sharti hilo mna kuzuia ugomvi, na mna faida nyingine pia. Mwenye kungojea kitu kisicho na siku hawezi kukipangia kitu kingine chochote: hawezi kusafiri, hawezi kukopa, hawezi kumwahidi mtu. Yeye amefungwa na mwenziwe yu huru. Hatusemi ya kwamba “tutakupigia” ni mkataba. Hapana mkataba uliofungwa hapo, wala hapana wa kumdai mwenziwe. Twasema ya kwamba dhara waliyoikimbia wanavyuoni katika mauzo ndiyo hiyo iliyomkalisha kijana wa watu juu ya debe siku 11.

Na kazi ya msimu huzidisha jambo hili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Kazi ya majuma 6 haifikii kiasi hicho, basi mara nyingi huanza kwa maneno ya mdomo, hulipwa kwa maneno ya mdomo, na huisha vivyo hivyo. Si ajabu basi kwamba hata jawabu la kuipata au kuikosa halina karatasi wala tarehe.

Hapo hapo Kisumu pana watu wangojao zaidi yake, na nyoyo zao hazining'inii kama wake. Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, hukatazwa kuvua tangu tarehe 1 Aprili hata tarehe 31 Julai, ili samaki wapate kuzaa. Miezi 4 ni mingi, na dhiki huingia katika nyumba za wavuvi na za wanawake wauzao omena sokoni. Lakini siku yao waijua. Hushona nyavu, huziba mashua, hulima kidogo, na mwenye kukopa hukopa kwa ahadi ya Agosti, na mkopeshaji akakubali kwa kuwa yeye naye aijua Agosti. Mababu zetu wa majahazi hawakuwa mbali na hali hiyo. Kusi ilipokaza wakavipandisha vyombo pwani, wakavitia kalafati na deheni, wakaoza binti zao, na hapana aliyekwenda kila saa kuitazama bahari kama imetulia.

Ubaya wa kungoja kusiko na muda ni kwamba kimya hujazwa dhana. Kijana wetu alikuwa ameyarudia maswali yote aliyoulizwa, moja baada ya moja, akitafuta ni lipi lililomponza. Aliulizwa: “Jioni fedha zikipungua utafanyaje?” Akajibu kwamba atazihesabu tena, kisha atamwarifu mkubwa wake. Sasa aona kwamba angalisema atazilipa kutoka mfukoni mwake. (Sisi twaona jawabu lake la kwanza ndilo la mtu mwaminifu, na hilo la pili ni la mtu mwenye hofu.) Kisha akaulizwa kama ataweza kuja kila siku. Akasema naam, ila siku ya Ijumaa adhuhuri ataomba nusu saa ya kwenda kusali, naye ataifidia jioni. Hapo ndipo penye jeraha lake. Wenziwe wa barazani walipolisikia hilo walimcheka, wakamwambia ameifukuza kazi kwa ulimi wake mwenyewe. Nusu ya kuja kwake kwetu ilikuwa kutuuliza kama mara nyingine alifiche jambo hilo mpaka ameshaajiriwa.

Tukamwambia asifanye. Asemaye haja yake kabla ya kuajiriwa amempa mwenye duka nafasi ya kupanga zamu zake. Aifichaye, kisha Ijumaa ya kwanza akatoweka na foleni ya wateja ikabaki imesimama, huyo amemdhulumu mwajiri na amewaharibia jina Waislamu watakaokuja kuomba kazi baada yake. Tena sheria hiyo hiyo ya 2007 yamkataza mwajiri kubagua kwa ajili ya dini, na katazo hilo lamhusu hata yule ambaye bado atafuta kazi. Na juu ya yote, ni nani aliyemwambia kwamba amekataliwa kwa sababu ya Ijumaa? Hakuambiwa kwamba amekataliwa hata kidogo. Alikuwa ameshaipata sababu ya jambo ambalo halijatukia.

Ikiwa ni lazima kutafuta sababu, tulimpa nyingine, isiyokuwa na uhusiano wowote na ulimi wake. Miaka ya nyuma Kisumu ilikuwa na matawi ya Nakumatt, ambayo iliangushwa na madeni, na mwezi wa Januari 2020 wadai wake wakaamua ifungwe kabisa. Choppies, iliyokuwa imeyanunua maduka ya Ukwala, ikaondoka Kenya karibu na wakati huo huo, na Tuskys nayo ikaporomoka baada yake. Maduka yalifungwa, lakini waliokaa miaka mingi kwenye kaunta zake hawakufungwa pamoja nayo. Kijana akakumbuka ya kwamba siku ya mahojiano mbele yake palikuwa na mwanamke aliyemwambia ameifanya kazi ya keshia miaka 7. Basi mtu kama huyo na kijana ambaye hajapata kuigusa mashine ya malipo wasimama katika mstari mmoja kwa kazi ya majuma 6. Kijana akinyamaziwa hapo, ni kwa kuwa kisima ni kimoja na ndoo ni nyingi.

Kungoja huku kuna hatari nyingine, nayo karibu imnase. Siku ya 9 aliletewa ujumbe katika simu: amechaguliwa, basi na atume shilingi 1,500 za sare na za cheti cha afya, kabla ya saa kumi jioni. Mamake akatoa fedha alizokuwa amemwekea mdogo wake za shule. Aliyewaokoa ni binti mwenye kibanda cha M-Pesa, aliyeitazama ile nambari akawauliza kwa nini duka kubwa kama lile lipokee fedha kwa simu ya mtu binafsi. Wasomaji wetu na walijue hili. Cheti cha afya kwa washikao chakula ni jambo la kweli, na sheria yakitaka. Lakini mtu hupimwa na maafisa wa afya, na hulipa huko huko kwenye afisi yao. Mwenye kukuitisha fedha ili akupe kazi hana kazi ya kukupa. Na walio ndugu wa hao ni waganga wabandikao matangazo yao katika nguzo za umeme, huko Kondele kama hapa kwetu Majengo, wakidai wana dawa ya kupata kazi. Mwenye dawa hiyo angaliajiri nduguze kwanza.

Hapa twataka kusema neno na wenye maduka, wala hatuwasemi wa Kisumu. Twawasema wa kwetu, wa Biashara Street na penginepo, ambao kumi la mwisho la Ramadhani huongeza vijana wa kukunja nguo na kuita wateja. Ni wangapi kati yenu huwaita vijana 20 na hali mwataka 4, kisha wale 16 mkawaacha wangoje mpaka wausikie mwezi umeandama? Kumwambia mtu “rudi Alhamisi alasiri, usipoliona jina lako ukutani basi nenda zako” hakugharimu hata shilingi moja. Tulimwuliza mfanyabiashara mmoja rafiki yetu kwa nini hafanyi hivyo, akasema huona haya kumnyima mtu uso kwa uso. Tukamwambia haya hiyo aibebe yeye saa moja, kuliko kijana kubeba mashaka mwezi mzima.

Tukarudi kwa kijana. Tulimwambia kwamba, kwa kuwa hakupewa muda, ajiwekee mwenyewe, na uwe mfupi: kesho yake aende dukani kwa adabu, mara moja tu, aulize kama wameshachagua, na kama bado, ni lini. Akipewa siku, aishike. Asipopewa, aihesabu kazi hiyo kuwa imepita, na ikiitwa baadaye na iwe ni neema isiyotarajiwa. Simu aitie mfukoni, aiache itetemeke, aende Kibuye. Na mara nyingine akiambiwa “tutakupigia,” kabla ya kuinuka kitini aulize kwa upole: “Nitarajie hata siku gani?” Akatuambia ya kwamba hakujua kama mwenye kuomba kazi aruhusiwa kuuliza. Neno hilo lilitusikitisha kuliko yote aliyotuambia.

Kwa mamake tulituma salamu, tukamwomba asimwulize tena jioni, naye akicheka akakubali, akasema atamwuliza habari za viatu.

Siku ya 12 kijana alikwenda. Bawabu akamwambia kwamba orodha ilibandikwa tangu Jumanne, ndani ya mlango wa wafanyakazi, mahali asipofika asiyeajiriwa. Akaombewa ruhusa, akaingia akaisoma. Majina yalikuwa 9, na lake halimo. Yule mwanamke wa miaka 7 alikuwa wa pili. Haya yote alitupigia simu kutueleza siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri, na nyuma ya sauti yake twasikia watu wakinadi bei. Tulipotaka kumliwaza akatuomba radhi, akasema tutazungumza jioni, kwani hapo mbele yake pana mteja aliyevaa kiatu kimoja na ataka kuletewa cha pili.