Kindi Kwenye Mwembe: Kupenda Bila Kumiliki



Somo letu la wiki hii linahusu jirani ambaye pengine hujawahi kumfikiria ukiwa kwenye sala: kindi. Wengine wanamwita kuchakuro, wengine kidiri. Ni yule mwenye mkia mrefu wa manyoya, anayepita juu ya mwembe wenu kama ana haraka ya kwenda kazini. Usicheke. Mnyama huyu mdogo anaweza kutufundisha jambo ambalo vijana wengi linatushinda: kukipenda kitu bila kutaka kiwe chetu.

Masomo ya kuongoza: Kutoka 23:10-11, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mathayo 6:26. Kabla ya kuendelea, fungua Biblia yako uyasome kwa utulivu.

1. Mfahamu kwanza jirani yako

Ukikaa Mji Mkongwe, pale karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yaani Minara Miwili, huwezi kuona kindi mara nyingi. Nyumba zimebanana, miti ni michache, na wenye mji ni paka na kunguru. Lakini toka nje ya mji, nenda kwenye mashamba ya minazi, miembe na mifenesi, au fika hadi msitu wa Jozani. Huko wapo.

Unguja ina kindi wa aina mbili. Mmoja ana tumbo la rangi nyekundu inayoelekea chungwa. Mwingine ni wa kahawia iliyofifia, na mkia wake una mistari kama pete pete. Wote wanatembea mchana, kwa hiyo ukisikia kelele juu ya mti usiku wa manane, huyo si kindi, huyo ni komba. Kindi wanakula matunda, mbegu, machipukizi na hata wadudu. Meno yao ya mbele hayaachi kukua maisha yao yote, ndiyo maana kila saa wanatafuna kitu; wasipotafuna meno yatawazidi. Wanalala kwenye matundu ya miti au kwenye viota vya majani. Wakiona hatari wanapiga kelele na kutikisa mkia, na viumbe wengine nao wanashtuka. Tena baadhi ya kindi wana tabia ya kuficha mbegu, na zile wanazozisahau zinaota. Yaani kuna miti imepandwa na mnyama aliyesahau chakula chake!

Kwa nini nakueleza yote haya kwenye somo la imani? Kwa sababu huwezi kumtunza usiyemjua. Bwana Yesu aliposema tuwatazame ndege wa angani, alimaanisha kutazama kweli. Kutazama ni mwanzo wa sala. Ukitaka kuwaona kindi vizuri, chagua asubuhi jua likishachomoza, kaa chini kimya, usimkimbize, usimrushie kitu. Dakika kumi tu, simu ikiwa mfukoni. Utashangaa.

2. Biblia inawahesabu kwenye mgao

Rudi kwenye Kutoka 23. Mungu anawaagiza Waisraeli waiache ardhi ipumzike mwaka wa saba. Kitakachoota chenyewe, maskini wale. Na watakachobakiza maskini, wanyama wa porini wale. Umeona mpangilio huo? Maskini ndiye wa kwanza, lakini mnyama naye ana fungu lake, na aliyelitenga ni Mungu mwenyewe. Si makombo ya bahati mbaya.

Kumbukumbu la Torati 22 inaingia kwenye jambo dogo zaidi: ukikuta kiota chenye mama na makinda, usimchukue mama. Sheria ya Mungu inafika hadi kwenye kiota! Kwa hiyo anayesema kwamba mambo ya wanyama ni ya watalii, si ya kanisa, hajaisoma vizuri Torati.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2415 hadi 2418) inatuwekea mizani. Wanyama ni viumbe vya Mungu, tunawiwa kuwatendea wema, na kuwatesa bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Ila pia hatupaswi kuwapa wanyama upendo unaowastahili watu. Baba Mtakatifu Fransisko alilikazia jambo hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015: kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Ukimlilia kindi halafu ukampita mgonjwa wa jirani yako, hujaelewa somo.

3. "Lakini wanatula mazao!"

Hapa tuseme ukweli. Mkulima aliyekuta embe limetobolewa hafurahi, na ana haki. Kijana wa mjini asimfundishe mkulima huruma wakati yeye hajawahi kushika jembe. Lakini haki inadai pia kwamba mshtakiwa achunguzwe kabla ya kuhukumiwa.

Angalia mfano wa kima punju, yule nyani mwekundu anayepatikana Zanzibar tu. Wakulima wa karibu na Jozani walilalamika kwamba anakula nazi changa. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walikwenda kuhesabu, na mwaka 1999 wakachapisha walichokiona: kima walikula kweli vidaka vya nazi, lakini mahali walipokula zaidi, mavuno hayakupungua, yalielekea kuwa mazuri zaidi. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kukomaza, hivyo kima alikuwa kama anaupunguzia mzigo. Hii haina maana kwamba kila mnyama hana hasara. Ina maana kwamba mara nyingi tunahukumu kabla ya kuhesabu. Je, tunafanya hivyo kwa wanyama peke yao? Na yule binti anayesengenywa kwaya nzima, nani aliwahi kukaa akachunguza?

Jozani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, pamoja na ghuba ya Chwaka. Sehemu ya mapato ya watalii inarudi kwa vijiji na wenye mashamba. Hilo ni jambo la haki: anayebeba gharama ya kuwa jirani wa wanyama, asiachwe mikono mitupu.

4. Kunguru na somo la takataka

Miaka ya 1890 kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja wasaidie kula takataka. Nia ilikuwa nzuri. Leo wamezagaa kila mahali, wanakula mayai na makinda ya ndege wa asili, wanasumbua kuku na watu. Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, usilete kiumbe mahali pasipo pake kwa kuona inafaa tu leo. La pili, takataka tunazotupa ovyo ndizo zinazomlisha kunguru. Kwa hiyo kijana anayefunga vizuri mfuko wa taka baada ya sherehe ya parokia anawalinda ndege wadogo, hata kama hakuna anayempigia makofi.

5. Sasa tufanye nini?

*Acha mti.* Zawadi kubwa kwa kindi ni mti wenye matunda na matundu. Kabla ya kukata, jiulize kama kuna kiota. Ukikata, panda.

*Bakiza.* Usivune hadi embe la mwisho kileleni. Hilo la mwisho si lako, ni la Kutoka 23.

*Usimzoeze.* Mkate, chipsi, biskuti na karanga za chumvi si chakula chake. Kindi akizoea mkono wa mtu anapoteza woga unaomlinda, na siku moja atauma. Kule Jozani wageni wanaambiwa wasiwaguse wala kuwalisha kima, nasi nyumbani tushike kanuni hiyo hiyo. Ukitaka kusaidia wakati wa kiangazi, weka maji safi kwenye kibakuli kifupi na uyabadilishe kila siku.

*Manati na kamba hapana.* Kumpiga kindi kwa manati ili kujaribu shabaha, au kumfunga kamba shingoni ili watoto wamchezee, ni kumtesa bila sababu. Ukiwaona wadogo zako wanafanya hivyo, usianze na kofi. Wakalishe, waonyeshe jinsi anavyoruka tawi hadi tawi. Mtoto akishaanza kushangaa, manati ataiweka mwenyewe.

*Akianguka mtoto wa kindi,* usikimbilie kumlea. Mzuie paka, mweke kwenye boksi dogo chini ya mti ule ule, kisha ondoka. Mara nyingi mama humfuata na kumbeba kwa mdomo. Usimpe maziwa ya ng'ombe. Akiwa amejeruhiwa, uliza daktari wa mifugo au maofisa wa misitu.

*Ukiumwa,* na kindi, paka au mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usione aibu.

6. Tukiwa wachache kisiwani

Sisi Wakatoliki Zanzibar ni wachache sana kati ya ndugu zetu Waislamu. Utunzaji wa viumbe ni mahali ambapo tunaweza kukutana nao bila mabishano, maana nao wanafundishwa kuwahurumia wanyama na kwamba binadamu ni mwangalizi tu wa mali ya Mungu. Kule Misali, Pemba, mafundisho ya Qur'ani yalitumika kuwaelimisha wavuvi watunze bahari. Kwa hiyo mkipanga siku ya kupanda miti, msiifanye ya parokia peke yenu. Mwambieni na Mzee wa jirani, mpigieni hodi, mwamkieni shikamoo, mwombeni ushauri wa miti gani inakubali udongo wa hapo. Atajua kuliko ninyi.

7. Kupenda bila kumiliki

Kindi anafurahisha kwa sababu yuko huru. Mtie kwenye tundu, na kilichokufurahisha kimekufa, hata kama yeye bado anapumua. Sasa hamisha somo hili kwenye maisha yako. Mvulana anayedai nywila ya simu ya mchumba wake, msichana anayemkataza rafiki yake kuwa na marafiki wengine, mzazi anayemchagulia mtoto wito: wote wanajenga tundu na kuliita upendo. Mungu alituumba akatuacha huru, akijua tunaweza kumkimbia. Ndivyo anavyopenda yeye.

Maswali ya kujitafakari (binafsi au kwenye jumuiya)

1. Ni kiumbe gani wa karibu na nyumbani kwetu ambaye sijawahi kumtazama kwa utulivu?
2. Ni nani niliyemhukumu bila kuchunguza?
3. Je, kuna mtu ninayempenda kwa kumfungia?

Kazi ya wiki: Chagua mti mmoja. Kaa chini yake dakika kumi kwa siku tatu, andika viumbe unaowaona, kisha umshukuru Mungu kwa kila mmoja kwa jina lake. Usipolijua jina, muulize bibi au babu.

Sala

Ee Mungu Muumba, umemtengea kila kiumbe fungu lake. Utupe macho ya kutazama, mikono isiyotesa na moyo usiong'ang'ania. Utufundishe kubakiza kwa ajili ya maskini na kwa ajili ya viumbe vyako vidogo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.